Majani ya Mkungu Kabla ya Ufagio

Mti wenyewe ni mkungu, ule ule wa kwetu Mombasa, wenye matawi yaliyolala kama meza na majani mapana unayoweza kufunikia sahani. Hapa Mirdif, mtaa wa Dubai, umesimama kwenye kona ya ua, nyuma ya nyumba ya sir na madam ninaowafanyia kazi, na nusu ya matawi yake yamevuka ukuta kwenda kwa jirani. Mwaka mzima ni mti wa kijani tu, hakuna anayeusema. Halafu ikiingia baridi ya hapa, ile baridi ya kuvaa sweta alfajiri na kulivua jua likipanda, mti unaanza kubadilika.

Sijui kama nitaweza kueleza. Nilisoma mpaka darasa la nane, na insha zangu mwalimu alikuwa akiziandikia "jitahidi" kwa wino mwekundu. Lakini majani haya nimeyaangalia kuliko nilivyowahi kuangalia kitu kingine chochote, kwa hiyo nitajaribu.

Jani halibadiliki lote kwa pamoja. Linaanza pembeni, kama mtu amechovya ncha ya kitambaa kwenye rangi akakiacha, na rangi ikapanda yenyewe polepole. Kwanza manjano ya binzari. Kisha chungwa. Kisha wekundu ule wa hina iliyolala mkononi usiku kucha. Mishipa ya jani inabaki na manjano yake katikati ya wekundu, kama barabara za mji ukiziona kutoka juu. Kuna asubuhi nilisimama chini ya jani moja lenye rangi zote hizo, ufagio mkononi, mpaka nikasahau nilichotoka kufanya. Ndege ikapita juu, maana uwanja uko karibu, kivuli chake kikateleza uani, juu ya ndoo, juu ya miguu yangu, kikapanda ukuta kikaenda zake. Kwa muda huo sikuwa Dubai wala Mombasa. Nilikuwa ndani ya ile rangi tu.

Ndipo nikaanza kupiga picha. Simu yangu ina ufa kwenye kioo, kwa hiyo kila picha nikiitazama ina ufa, ingawa picha yenyewe ni nzima. Nilichagua jani lile moja, lililokuwa kwenye ncha ya tawi la upande wa ukutani, nikawa nalipiga kila asubuhi. Leo pembe imeiva. Kesho rangi imefika katikati. Sikumwonyesha mtu. Sebuleni madam ana picha kubwa ya msitu wa nchi ya baridi, waliyoipiga wenyewe walipokwenda kutembea. Miti ya manjano na myekundu mpaka macho yanapoishia. Ni nzuri kweli, siwezi kuisema vibaya, na mimi ndiye ninayeifuta vumbi. Nikajiambia, mwenye msitu mzima ukutani atataka nini na mkungu mmoja uliopigwa picha na anayeyafagia majani yake?

Upande wa pili wa ukuta yuko mwenzangu kutoka Uganda, anafanya kazi kwa jirani. Yeye ananiita Mombasa, mimi namwita Kampala, imetutosha. Akitaka kusema na mimi anapindua ndoo na kupanda juu yake, na kichwa chake kinachomoza juu ya ukuta kikiwa tayari kimekasirika.

"Mombasa! We Mombasa! Mti yenu imenimwagia tena!"

"Nawe pia, habari za asubuhi."

"Habari gani? Natoa majani kwa maji, nageuka, ingine pwaa! Nageuka, ingine pwaa! Inanichezea."

"Si mimi niliyeupanda, dada."

"Lakini ni wewe unauchekea. Nakuona na hiyo simu. Unaupiga picha kama bibi harusi!"

Nikacheka, naye akacheka, akashuka kwenye ndoo huku akisonya.

Niseme kwa haki: taabu yake na majani haikuwa sawa na yangu. Mimi nafagia, natia kwenye mfuko, basi. Kule kwao kuna kibwawa cha kuogelea, na jani la mkungu likilowa linatoa maji ya rangi ya chai. Likilala juu ya marumaru linaacha doa lenye umbo lake lile lile, na Kampala hupiga magoti kulisugua kwa brashi. Kwangu jani lilikuwa rangi. Kwake lilikuwa magoti.

Kisha jirani akamlalamikia sir. Alitaka mti ukatwe wote, kutoka chini. Sir akaniita jikoni jioni moja. Yeye si mtu wa kukata shauri ovyo. Tena huondoka mapema na kurudi jua limezama, hata sidhani kama alikuwa amewahi kuuona ua wake asubuhi. Akaniambia kwa Kiingereza chake na changu: "Wiki hii, kila asubuhi, piga picha ya ua unitumie. Nataka kuona ni majani kiasi gani. Kama ni mengi, khalas, tunaukata."

"Yes, sir," nikasema, na nikaendelea kukausha sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani.

Sasa nieleze nilivyofanya, na atakayesoma aamue. Kwetu nimelelewa kwamba jua lisikukute na ua mchafu. Mama alikuwa akisema mgeni akija, kabla hajakuona wewe ameshaona ua. Na huku ugenini ndio zaidi. Uupige picha ua usiofagiwa, umtumie mwajiri wako, ni kama kujishtaki mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi ile niliamka, nikafagia vizuri, nikafunga mfuko, nikamwaga maji kidogo, ndipo nikatoa simu. Majani machache yalikuwa yameanguka upya juu ya vigae vilivyolowa, mekundu, yakiwa na vivuli vyao. Picha ikatoka nzuri. Nikaituma. Na kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata.

Sir akafurahi. Alipokutana na jirani akamwonyesha simu, akamwambia majani ni haya tu, hata mtoto anaweza kuyaokota. Hayo niliyasikia baadaye, si kwake.

Niliyasikia kwa Kampala. Alipanda kwenye ndoo bila kuniita. Nilikuwa naanika mashuka, nikageuka nikamkuta ananitazama.

"Ulifagia kwanza," akasema, "ndiyo ukapiga?"

"Ndiyo. Sasa nipige ua mchafu nimtumie sir? Na wewe!"

Hakucheka. Nikaliacha shuka.

"Haya. Basi mimi ni mvivu na muongo. Madam wangu amesema. Amesema majani ni kidogo, ameona picha, mimi ndio sipendi kazi. Mkataba ikiisha hataniongeza. Atachukua mtu mwenye hajui kulalamika."

"Kampala, mimi sikujua..."

"Najua hukujua. Hiyo ndiyo mbaya." Akashuka. Nikasikia brashi ikianza tena kwenye marumaru, shaa, shaa, shaa.

Mchana ule nilipiga pasi kanzu za sir na sikumbuki hata moja. Nilikuwa nikiutazama mti kupitia dirisha la chumba cha kufulia. Upepo ulikuwa unausukuma kidogo, na rangi zikawa zinakuja mbele na kurudi nyuma, kama zinapumua. Nilijua vizuri ninachokipima. Nikipiga picha ya kweli, mti unakatwa. Nisipopiga, Kampala anarudishwa kwao na jina la uvivu. Nilijaribu kujiambia kwamba mti una matawi mengi na mtu ana mkataba mmoja, lakini hesabu hiyo nayo sikuiamini. Tena likanijia swali la kuudhi: mkono uliofagia kwanza, ulifagia kwa ajili ya mama yangu, au kwa ajili ya lile jani? Nimelitafuta jibu na sijaliona. Nilichoona ni kwamba jibu lolote lisingemsaidia Kampala.

Asubuhi iliyofuata niliuegemeza ufagio mlangoni nikauacha pale.

Kulikuwa na ukungu, ule unaokuja Mirdif baadhi ya asubuhi za baridi, ukaficha nyumba zote ukaniachia ua peke yake. Upepo wa usiku ulikuwa umefanya kazi. Vigae havikuonekana. Yalikuwepo majani tu, kutoka mlango wa jikoni mpaka ukutani, mengine yamelala kifudifudi na migongo yao ya rangi ya udongo, mengine chali na wekundu wao wazi, yote yamebeba umande. Hakuna sauti, ila mara moja moja jani lingine, tap, kubwa na zito, kana kwamba mtu ameweka barua mezani. Sikuwa nimewahi kuuona ua huu. Miaka yote niliyoishi hapa, kila siku nilikuwa nimeuondoa kabla haujatokea. Nilisimama kwenye kidaraja cha mlango wa jikoni nikiogopa kukanyaga.

Madam akatoka nyuma yangu na nguo ya kulalia na kikombe chake. Akaangalia ua, akaangalia ufagio, akaniangalia mimi.

"Hii nini? Unaumwa?"

"Hapana, madam. Picha ya sir. Zile za mwanzo nilikuwa nafagia kwanza."

Akautazama tena ufagio. Kisha akavuta nguo yake vizuri na kurudi nyuma ya mlango. "Yalla, piga. Lakini mimi nisitokee!"

Nikapiga ua wote, na tundu la maji lililoziba, na mlima wa majani kwenye pembe. Nikaenda ukutani nikagonga ndoo yangu mpaka kichwa cha Kampala kikachomoza.

"Chukua simu. Piga picha za kwenu."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unajua mahali panapouma."

Alipiga kama mtu anayefukuza kuku. Picha moja ilikuwa na kidole chake, nyingine ina mguu wake na ndala. Lakini kibwawa kilionekana, maji yamegeuka chai, na madoa yale ya majani kwenye marumaru, moja kando ya jingine, kama majani yaliyokataa kuondoka. Nikamtumia sir zote, na maneno niliyoyaandika nikayafuta nikayaandika tena: samahani sir, siku zote nilifagia kabla ya picha, hizi ndizo za kweli, na kwa jirani ni zaidi, yule dada hakusema uongo.

Siku hiyo sir alirudi mapema. Alisimama katikati ya ua, viatu vyake vyeusi ndani ya majani, maana nilikuwa sijathubutu kufagia.

"Kwa nini ulisafisha kwanza?"

"Aibu, sir."

Akatikisa kichwa. Sijui kama alitaka kukasirika au kucheka. Nadhani vyote viwili vilifika mlangoni, vikapishana. Aliinama akaokota jani, akaligeuza, akaligeuza tena. Kisha akatoka kwenda kwa jirani, na nikasikia sauti zao upande wa pili, na neno la Kiarabu "sahih", yaani kweli, likirudiwa.

Shauri lao likawa hili: mti ubaki, matawi yote yaliyovuka ukuta yakatwe.

Aliyekuja na msumeno alifanya kazi yake kwa utulivu, siwezi kumlaumu. Matawi ya ule upande ndiyo yaliyokuwa yakipata jua la kwanza, na ndiyo yaliyokuwa yameiva kuliko yote. Lile tawi la jani langu lilikuwa la pili kushuka. Nilikwenda nikalitafuta kwenye ncha. Lilikuwa limekwisha kuwa jekundu lote mpaka kwenye kikonyo, na mishipa nayo imekubali. Nikalipiga picha pale chini, kwenye vumbi la mbao, ndiyo picha ya mwisho ya zile zake.

Sasa mti una upande mmoja. Ukiutazama kutoka jikoni unafanana na mtu aliyeinama kusikiliza kitu ndani ya ua wetu. Mambo ya mkataba wa Kampala bado hayajulikani. Madam wake hajaomba msamaha, ila brashi amemnunulia mpya yenye mpini mrefu, na magoti yamepumzika. Hilo nalo lazima nilihesabu, ndiyo haki. Na mimi siku hizi nafagia baada ya picha. Madam akitoka na kikombe chake anapita pembeni, kando ya ukuta, asikanyage.

Jana asubuhi ndoo ilipinduliwa upande wa pili.

"Mombasa! Sasa mimi nitalalamika nini?"

"Utatafuta, hukosi."

"Nitumie ile jani yako nyekundu. Ya mwisho."

"Wewe? Si ulisema bibi harusi?"

"Tuma, wacha maneno."

Nikatuma. Alikuwa ameinamia simu yake akiiangalia, anaikuza kwa vidole, anaipunguza, wakati upepo ulipong'oa jani moja upande wetu. Likapanda, likazunguka, likavuka ukuta karibu na sikio lake na kwenda kutua kwao.

Kampala akageuza shingo kulitazama lilipoangukia.

"Moja," akasema. "Moja naweza."