Mama wa Betri, Hai Jalaba

Mama anayechaji betri za magari pale mtaani Hai Jalaba huvaa gauni lililotobolewa na asidi, na sauti yake kavu husikika kuliko jenereta. Kabla ya kugusa betri huvua pete. Hufungua vifuniko, huchungulia maji, kisha husugua vichwa vyake kwa kitambaa chenye magadi huku akimkaripia mwenye gari: "Gari unaosha kila siku. Betri je?"

Julai ile vita viliporudi mjini, askari mmoja aliingia na betri ya pikapu, bunduki begani, sigara mdomoni. Betri zilikuwa zikichemka kwenye chaja. Sisi wateja tulirudi nyuma. Mama alimwendea, akaichomoa ile sigara mdomoni mwake, akaizamisha kwenye ndoo.

"Hii gesi iko nalipuka! Mji yote mnachoma, hata hapa kwangu mnataka kuchoma?"

Askari alimkazia macho, halafu akayashusha.

"Malesh, mama," akaomba radhi, akaenda kusimama nje juani.

Tulidhani yamekwisha. Mama aliigeuza ile betri, akaona ufa, akamfuata huko huko nje.

"Nani aliangusha hii? Iko navuja asidi! Kwani vita haitoshi?"