Enanga ya Mjomba na Vitufe Vitatu

Miaka ya tisini ilipoanza nilirudi Kihanga na stashahada ya ufundi wa sauti, na sioni haya kusema hakuna aliyenilipia. Nairobi nilisoma mchana, jioni nikaosha vyombo hotelini. Nilirudi pia na ikwalaiza yangu mwenyewe, kifaa cha kurekebisha sauti, na wilaya nzima sikumwona mwingine mwenye kifaa kama hicho.

Mjomba wangu alikuwa mpigaji wa enanga, ile ala yetu ya nyuzi iliyochongwa kwenye gogo. Vidole vyake vilishaanza kukakamaa, na alitaka wimbo aliofundishwa na baba yake ubaki kwenye kaseti. Aliupiga mara moja sebuleni kwangu. Alipojaribu tena, vidole vikagoma. Tukabaki na kaseti ile moja.

Nayo ilikuwa mbaya. Chumba cha saruji na bati kilikuwa kimevuma, nyuzi zikasikika kama zimo ndani ya pipa. Nikaipitisha kaseti kwenye ikwalaiza, nikaongeza sauti nyembamba, zikakwaruza masikio. Nikaongeza za kati, mvumo ukazidi.

"Shikamoo, mtaalamu," mjomba akanikejeli. "Unaongeza tu? Kibanjani ukikuta migomba imebanana, unapanda mingine?"

"Hapana, mjomba. Napunguza machipukizi."

"Yapi?"

"Yanayounyima mgomba mama nafasi."

"Haya."

Nilijiona mjinga, na cheti kiko ukutani. Ikwalaiza yangu ilikuwa na vitufe vitatu vya kuzungusha: cha kwanza huchagua eneo la sauti, cha pili huongeza au kupunguza, cha tatu huamua upana wa eneo hilo. Nikaufinya upana, nikaongeza kwa makusudi ili kasoro ijitokeze, kisha nikazungusha cha kwanza polepole kutoka sauti nene kwenda juu, nikimtafuta mkosaji. Karibu na hezi mia mbili spika zikanguruma, mjomba akakunja uso.

"Huyo!" akasema.

Nikarudisha nyuma kitufe cha pili, nikamkata huyo peke yake. Enanga ikatoka, kila uzi na sauti yake, hata mguso wa kucha. Vidole vya mjomba vilikuwa vinacheza juu ya goti, vikiufuata wimbo.

Tangu hapo nimerekodi kwaya kutoka Igurwa hadi Bugomora, na kazi yangu ni safi, waulizeni. Wakinisifu napokea. Ila kila ninapokata kabla ya kuongeza, namshukuru yeye. Mpaka anafariki alikuwa akiwawekea wajukuu kaseti ile na kuwaambia, "Nyamazeni, napiga."