Buti la Bibi Kapitolina

Mji wetu, Zaluzhsk, ni wa pili. Wa kwanza uko chini ya maji. Serikali ilipojenga bwawa, watu waliambiwa wabomoe nyumba zao, wafunge magogo kama chelezo na kuyavuta hadi huku kilimani, kwenye mchanga usiootesha hata kabichi.

Bibi Kapitolina, jirani yetu, alikuwa mtoto wakati huo. Husema mama yake ndiye aliyekosea. Kwetu mtu akihama humwalika babu wa nyumba, yule asiyeonekana anayeishi nyuma ya jiko la matofali, aingie ndani ya buti la sufu, kisha humbeba. Mama yake alikuwa analia, askari wanamharakisha, akasahau. Tangu hapo nyumba yao haishiki mtu. Mume wa bibi alizama akivua samaki kwenye barafu. Mwanawe, Rodion, alikwenda kaskazini kwenye visima vya gesi, na hajarudi wala kuandika.

"Atarudije," bibi huniambia, "wakati nyumba haina wa kumwita?" Hata hivyo mlango ukigongwa na upepo, huinuka kwenda kufungua.

Mwaka huu mvua iligoma. Agosti maji yalirudi nyuma na mji wa kwanza ukatokeza, matope na misingi mitupu. Bibi akatoa buti moja la marehemu mumewe. Nilimfuata kwa sababu miguu yake huvimba.

Mzee Yevsei, anayemwita Kapa tangu utoto wao katika mji wa kwanza, alikuwa kwenye benchi mbele ya duka lililofungwa.

"Kapa, buti la pili umelipikia supu?"

"Ningekualika, Yevsei. Meno huna, lakini huchagui."

Kule chini kila kitu kilifanana. Alizunguka sana, mwisho akasimama kwenye msingi wa jiko kando ya kisima cha mawe. Akapiga magoti, akalaza buti kwenye matope.

"Babu, tusamehe. Panda twende, Rodion akukute nyumbani."

Alilibeba kama ndoo iliyojaa maziwa. Alichukua pia kipande cha kigae cha jiko lile, chenye ndege wa buluu, kiwe ukumbusho. Nyumbani aliliweka buti nyuma ya jiko, na mkate na chumvi kando yake. Siku hizo alikuwa anaimba.

Mvua iliporudi na maji kufunika kila kitu, Yevsei alikuja kunywa chai. Akakiona kigae dirishani, akakigeuza mkononi muda mrefu.

"Kapa, jiko lenu lilipakwa chokaa tu. Ndege hawa walikuwa kwetu."

Bibi alimwangalia, kisha akalitazama buti.

"Kwa hiyo nimembeba wa kwenu."

"Kumbe naye alibaki," Yevsei akasema polepole. "Na sisi tulidhani mama alimchukua."

Bibi akamwambia ampeleke kwake basi, ni haki yake. Yevsei akatikisa kichwa. Ndugu zake wote walifia vitani.

"Mwache hapo hapo. Kwangu amwite nani?"

Buti bado liko nyuma ya jiko. Bibi huliwekea mkate, kwa sababu mgeni hafukuzwi, ingawa huyu hamjui Rodion. Lakini upepo ukigonga mlango, siku hizi hainuki.