Maoni Yangu Kuhusu Barabara ya Mlimani

Barabara inayopanda mlimani kutoka Mlali ina kona nyingi, na kila masika hukatika. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba itanyooshwa, na kwamba wananchi tunakaribishwa kutoa maoni, nilifurahi kama mtu aliyeishi miaka yote akisubiri kuulizwa. Nilijifungia nyumbani kwangu mjini Morogoro wiki nzima, nikaandika kurasa sita.

Ramani iliyobandikwa ofisi ya kata ilikuwa na mistari miwili. Wa bluu ulipita kwenye shamba la mitiki. Mwekundu ulikata mteremko ambako ukoo wa mama yangu huzika watu wake. Mama yupo pale. Hakuna saruji wala msalaba, ni mawe tu na miti tusiyoikata. Kwenye ramani pameandikwa "kichaka".

Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Akifa, jina lake hurithiwa na mpwa, mtoto wa dada yake. Mpaka arithiwe, hakuna wa kufungua kinywa mbele ya wageni kuhusu makaburi. Mjomba wangu alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na mpwa aliyechaguliwa nilikuwa mimi. Nikaahirisha. Mara nina mitihani ya kusahihisha, mara mvua, mara kuna makala inasubiriwa. Ukweli ni kwamba niliona aibu kukalishwa kwenye kigoda na kuvishwa shuka, kisha wanawake walionibeba mgongoni waniamkie mimi. Nina shahada mbili. Nilidhani zinatosha.

Mkutano ulifanyika darasani, tukiwa tumebanana kwenye madawati ya watoto. Mhandisi alikuwa binti mpole mwenye viatu vilivyojaa tope.

"Shikamoo mzee. Karibu mbele."

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Niliitikia marahaba kwa shida, nikaenda kukaa nyuma.

Alieleza mistari yote miwili, kisha akauliza: "Huku kwenye mwekundu, kuna mtu au ukoo wenye kitu pale tusichokijua? Semeni, ndiyo kazi ya leo."

 Mama mdogo, aliyekuwa dawati la mbele pamoja na ndugu zake, aligeuka kunitazama. Wengine nao wakageuka. Niliona wananionea fahari. Nikasimama.

Nilizungumza kuhusu mitaro. Nilizungumza kuhusu mmomonyoko, na haki ya mwananchi kushirikishwa, ilhali wakati huo huo nilikuwa nashirikishwa. Makaburi sikuyataja. Nilijiambia hayo ni ya wazee wenyewe, watayasema nikimaliza. Binti aliandika kila neno. Mtendaji wa kata akasema, "Tumpigie makofi msomi wetu," wakapiga. Hakuna mwingine aliyesimama. Kikao kikafungwa.

Nje, mama mdogo alinishika mkono.

"Umesema vizuri, mwanangu. Mitaro nimeielewa yote."

"Asante, mama."

"Na mama yako je?"

"Nilijua ninyi mtamsemea."

"Sisi? Kwa kinywa cha nani?" Aliuachia mkono wangu, akafunga kanga yake upya. "Tulipokuona umesimama tukasema, haya, leo amekubali jina. Kumbe umesimamia maji ya mvua."

Nilirudi mjini nikaandika barua, fupi safari hii. Nikajibiwa kwa heshima kwamba muda wa maoni umekwisha, kwamba kwenye maoni ya kijiji hapakutajwa kaburi hata moja, na kwamba mstari mwekundu umepitishwa. Hata hivyo makaburi yatahamishwa kwa utaratibu, mradi ukoo utoe mtu wa kuyaonyesha, moja baada ya jingine.

Mtu huyo alipaswa kuwa na jina. Kwa hiyo nilikubali, wakati hapakuwa na kitu kilichobaki cha kuokoa. Nilikaa kwenye kigoda, nikavishwa shuka. Mama mdogo alipiga goti mbele yangu, magoti yake yakalia. "Shikamoo kaka," akasema. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Siku ya kuhamisha tulipanda asubuhi na bwana afya, mwenye fomu zake kwenye faili la plastiki, na vijana wanne wa majembe. Nilionyesha. Huyu bibi, huyu mjomba mkubwa, huyu mtoto aliyekufa kwa surua. Waliokuwa hawana hata jiwe, mama mdogo alininong'oneza majina yao, nami nikayasema kwa sauti, kwa sababu sasa sauti ilikuwa yangu.

Tulipofika kwa mama, bwana afya aliandika jina lake, akabaki ameinua kalamu.

"Uhusiano wako na marehemu?"

Nilifungua mdomo kusema. Mama mdogo akanigusa kiwiko, taratibu, kama anavyomgusa mtoto asikosee mbele za watu. Anayechukua jina la mjomba huchukua na nafasi yake, na ndugu zake wote. Wadogo wa mama walikuwa wamesimama pale wananisikiliza.

"Dada yangu," nikasema.

Akaandika. Vijana wakaanza kuchimba.