Bunduki Fupi ya Nkambo

Juma lililopita hapa Kalemie gari lilipita kwenye avenyu yetu, limefungwa mikro ya kutangazia juu. Likasema kila muntu mwenye bunduki ya kuwinda aipeleke kwenye biro, iandikwe kwenye kitabu, apewe karatasi. Jirani yangu, muzee aliyefanya kazi kwenye treni maisha yake yote, ana bunduki ya namna ile. Akaja kwenye uzio akaniuliza, "Mama, unaonaje, niende?" Nilikuwa na beseni ya ndakala, wale samaki wadogo wakavu, mbele yangu, ninachambua mawe. Sikumujibu. Siyo kiburi, rafiki yangu. Jibu lilikuwa refu mno kwa kusimama pale uzioni. Shule niliacha mwaka wa nne, ninaandika pole pole, na nikikosea utanisamehe. Watu wazuri wa habari hii nitawaita kwa kazi yao tu, wenyewe hawakutafuta kujulikana. Wabaya nitawataja kwa jina.

Nililelewa na nkambo, mama ya mama yangu, kule upande wa Kiambi, ng'ambo ya muto Luvua. Mama yangu alikuwa ameshakufa, na nkambo mwanaume akafuata nikiwa na miaka minane. Tukabaki wawili na shamba: mahindi, muhogo, karanga kandokando, na maboga yanayotambaa kila mahali. Asubuhi tulipita kwenye umande mpaka nguo zinalowa magotini. Tunafika kwenye kibanda, tunawasha moto, tunachoma muhogo, kisha yeye anaanza kulima na mimi ninaanza kupiga debe. Ile debe ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilipiga mpaka jua lilale, kufukuza manyani.

Kama hukukaa na manyani, hujui taabu. Nyani anatofautisha mwanaume na mwanamuke. Akiona mwanaume anakimbia. Akiona mwanamuke anakaa chini, anamenya hindi lako, anakuangalia huku anatafuna. Nkambo alijaribu kuvaa kabuti na kofia ya marehemu. Siku mbili walikimbia. Siku ya tatu dume moja kubwa likasogea mpaka hatua kumi, likamutazama vile anavyotembea, likarudi kula. Nkambo akavua kofia. "Hata hawa wanajua mimi njo mujane," akasema. Mwaka ule tulivuna vikapu vitatu vya mahindi, tukala maboga na sombe, majani ya muhogo, mpaka mvua ingine.

Bunduki ya nkambo mwanaume ilikuwapo, imesimama kwenye kona. Ilikuwa ya kienyeji, ndefu kunipita mimi na kumupita nkambo pia, maana alikuwa mwanamuke mufupi sana. Mututu wake ulikuwa umepasuka kule mbele, mara ya mwisho muzee alipoipiga. Kwa desturi yetu bunduki ya marehemu inaenda kwa mupwa wake, mutoto wa dada yake. Mupwa huyo aliitwa Ilunga. Alikuja siku ya kumaliza kilio, akaishika, akaona ule ufa, akacheka mbele ya wazee wote. Akasema wamuachie Mama mujane, apate muti wa kukorogea bukari, ule ugali wetu. Watu wakacheka pamoja naye. Nkambo hakucheka. Lakini wazee walikuwa wamesikia, na yeye alijua kwamba wamesikia.

Baada ya wiki aliifunga kwenye mukeka, akaniambia nichukue kuku, tukaenda kwa mufua chuma wa kijiji cha pili. Mwanamuke ambaye bado anazaa hakaribii moto wa mufua chuma. Nkambo alikuwa ameshapita umri ule na mimi sikuufikia, basi tukaingia wote wawili. Ninakumbuka harufu ya makaa na chuma kilicholowa, na mivukuto inayohema kama mugonjwa. Mufua chuma aligeuza ile bunduki, akauliza ni nani ataipiga. Nkambo akasema ni yeye. Hakushangaa. Alichukua kamba akamupima mukono, kutoka bega mpaka kidole, vile fundi wa nguo anavyopima. Akasema mahali palipopasuka patakatwa, na pazima pia patakatwa kidogo, kwa sababu bunduki inafuata mukono, mukono haufuati bunduki.

Tuliporudi siku ya kuichukua ilikuwa fupi kama muguu wa mutoto. Kitako kilikuwa kipya, cha muti mwekundu, kimelainishwa kwa mafuta ya mawese. Nkambo akaiinua mara moja tu, ikakaa kwenye bega kama ilizaliwa pale. Akairudisha chini, akapangusa macho na kitambaa chake cha kichwa, akauliza kama kuku ametosha.

Siku aliyoipiga shambani moshi ulikuwa mweupe, na sauti ilienda ng'ambo ya muto ikarudi. Lile dume kubwa halikurudi. Baruti ilikuwa ngumu kupata, kwa hiyo mwaka muzima alipiga mara nne tu. Siku zingine alisimama nayo kwenye mulango wa kibanda, na ilitosha. Wajane wengine wakaona. Mumoja akaja kulima pembeni yetu, akaja wa pili, mpaka mashamba ya wanawake sita yakalizunguka letu. Saa sita tulikula pamoja, kila mumoja na sufuria yake, na maneno yao mabaya juu ya waume wao waliokufa. Nilikuwa ninasikiliza yote. Debe nikaiacha, ikaota kutu.

Habari hizo zikamufikia Ilunga. Muti wa kukorogea bukari ukageuka kuwa bunduki ya mujomba wake. Akaja na wazee wawili, akasema desturi ni desturi. Wazee waligawanyika. Nkambo akasema, "Ulinipa mbele ya watu ukicheka. Sasa inalia, unaitaka." Chifu wa kijiji, ambaye hakupenda ugomvi, akamuambia nkambo aende kwenye biro ya serikali. Mwenye karatasi njo mwenye bunduki, akasema, huko mbele hakuna mupwa wala mujane.

Nilienda naye. Tulivuka muto kwa mutumbwi, tukatembea siku nzima, tukalala kwa watu wa kanisa, asubuhi tukakaa kwenye barza ya biro. Sekretere aliitwa Kalenga. Shati jeupe, kalamu kwenye mufuko wa kifua. Aliuliza hii ni bunduki ya mume wako. Nkambo akasema mume alikufa. Basi ni ya mutoto wako mwanaume. Nkambo akasema hana mutoto mwanaume, ni yake mwenyewe. Kalenga akaweka rula ya shule juu ya mututu, akaisogeza, akaandika. Akatikisa kichwa. Akasema bunduki fupi ni ya wezi, inaingia chini ya kabuti. Nani atamuonyesha kwamba siyo bunduki ya askari iliyoibwa ikakatwa? Alitaka mufua chuma aje mwenyewe, na alete kile kipande kilichokatwa.

Sasa kile kipande mufua chuma alikuwa ameshakipa kazi. Alikifunga kwenye mivukuto yake kupitishia upepo. Nkambo akamuomba, akazima moto siku tatu kwa ajili yetu, akakifungua, tukarudi biro watu watatu. Kalenga aliweka kipande kwenye meza, cheusi, kimejaa jivu, akakigusanisha na bunduki. Vilikutana. Akasogeza macho karibu, akaangalia ule muunganiko, akasema, "Kweli, ni mutoto na mama yake." Mufua chuma akatabasamu. Ni mara ile moja tu nilimuona akitabasamu. Nitasema haki: siku ile Kalenga alifanya kazi yake vizuri. Alimuuliza nkambo kazi, akaandika mulimaji mahali palipotakiwa kuandikwa muwindaji. Wakagonga namba kwenye chuma. Nkambo akaweka kidole kwenye wino.

Kisha Kalenga akasimama akamupa sheria. "Mama, bunduki hii sasa inajulikana na serikali. Usimupe muntu, hata ndugu, hata askari, bila karatasi yenye kashe, muhuri wa serikali, kwamba ameipokea. Ukiitoa bila karatasi, ni wewe utafungwa. Umesikia?" Akamurudishisha maneno yale mara tatu, vile mwalimu anavyorudishisha watoto. Nkambo akarudia. Njiani, kwenye mutumbwi, bado alikuwa anarudia kwa sauti ndogo. Karatasi yake tuliikunja kwenye kopo la maziwa, tukaiweka ndani ya gala. Ilunga alipokuja tena alionyeshwa. Hakujua kusoma, akaiangalia juu na chini. "Karatasi inaungua," akasema, akaenda.

Tulikula vizuri miaka miwili.

Vita vilipofika kwetu havikuja na kelele vile watu wanavyofikiri. Kwanza masoko yalipunguka, chumvi ikapotea, mwalimu akaondoka na baskeli yake. Halafu wenye silaha wakaingia kwenye biro, na Kalenga akawaandikia kutoka kwenye kitabu kile majina ya wote wenye bunduki, kijiji kwa kijiji. Hakuna aliyemupiga. Nimeuliza watu waliokuwa pale, wote wanasema hakupigwa. Wakaanza kuzunguka naye nyumba kwa nyumba. Kwetu hawakukuta muntu nyumbani. Ni Ilunga aliyewaonyesha njia ya shamba.

Ilikuwa saa ine ya asubuhi. Nkambo alikuwa anamenya muhogo, mimi ninaosha. Walikuwa watano, na yule waliyemuita Komanda, na Kalenga nyuma yao na shati lake jeupe. Ilunga alibaki kwenye njia, karibu na muhogo wa majirani. Komanda hakuwa mukali. Alisema, "Mama, leta bunduki." Nkambo akaingia kibandani akaitoa. Ninataka uelewe hapa: hakukataa. Aliishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, akasimama.

"Nitakupa, Papa. Kwanza muniandikie."

Komanda akauliza kumuandikia nini. Nkambo akasema karatasi, yenye kashe, kwamba mumeipokea. Wale vijana wakacheka. Mumoja akasema huyu bibi anafikiri tuko biro. Nkambo akamuangalia Kalenga.

"Sekretere, wewe njo ulinifundisha. Waambie."

Kalenga aliangalia viatu vyake. Kalamu ilikuwa kwenye mufuko wake wa kifua, niliiona, ya bluu. Karatasi za yale majina alikuwa nazo mukononi. Mistari miwili tu, hata ya uongo, na nkambo angefungua mikono. Hakuandika. Hakusema hata "Mama, itoe". Komanda akachoka kungoja. Wakaivuta, hakuiachilia, wakaivuta tena, na yule kijana aliyeipata akamugeuzia kitako akamupiga nacho kifuani, mara mbili. Kile kitako cha muti mwekundu. Wakaenda. Ilunga akaenda nao, na mikono mitupu, maana Komanda hakumupa kitu.

Wajane wale sita walimubeba kwenye mukeka mpaka nyumbani. Hakulia sana. Alikohoa, akatema damu kidogo, akakataa uji. Lakini kila asubuhi aliniuliza jambo moja tu: wameleta karatasi? Niliposema hapana alifunga macho. Hakuogopa kufa, na hakumutaja Komanda hata mara moja. Aliogopa kufungwa. Aliniambia, "Watakuja kunichukua kwa sababu niliitoa bila karatasi, na wewe utabaki na nani?"

Siku ya ine nilichukua kaye yangu ya shule, nikachana ukurasa wa katikati. Niliandika na mwandiko wa mwaka wa nne: tumepokea bunduki fupi ya mama huyu, ni nzuri, hana deni na serikali. Namba niliitoa kwenye karatasi ya kopo. Kashe niliifanya na kifuniko cha chupa, nikakipaka masizi ya sufuria na mafuta. Ilitoka vizuri, duara, na meno yake pembeni. Nikaingia mbio kama ninatoka njiani, nikasema sekretere ametuma muntu. Nkambo hakujua kusoma, lakini kashe aliijua. Aliigusa, masizi yakabaki kwenye kidole chake. Akaniambia niisome. Nikaisoma. Akaniambia niirudie. Nikairudia mpaka mara tatu.

Akalala. Alikufa kesho yake saa sita, amekunja ile karatasi ndani ya kiganja. Wajane walipomuosha waliuliza waitoe ao waiache. Nikasema waiache.

Ilunga alikufa kwa kuhara kwenye njia ya kukimbia, hakuna aliyemuzika. Kalenga yuko hai, yuko hapa hapa Kalemie, anakaa benchi ya mbele kanisani. Nilimufuata siku moja, nikamuuliza kwa nini hakuandika. Akasema, "Mama, wakati ule karatasi haikuwa na maana tena." Mufua chuma alikimbilia upande wa Kabalo, na kule hakupata moto wa kufua. Biro waliichoma na kitabu chake ndani, na lile kopo la maziwa liliungua pamoja na gala letu. Shamba limekuwa pori, na wajane wale sita sijui hata mumoja alipo. Hakuna mahali popote ulimwenguni panapoonyesha kwamba mwanamuke mufupi, mulimaji, alikuwa na bunduki yake kwa haki. Pamebaki karatasi moja tu, ile ya kaburini, niliyoiandika mimi, na nilidanganya kila neno isipokuwa namba.