Uji Aliouonja Kuluthumu Mchana wa Ramadhani

Jua limekwisha kupanda. Katika jiko la hospitali moja ya misheni mkoani Singida, Kuluthumu Amri anachuja uji wa uwele kwa kitambaa cheupe. Anaugusa kwa ncha ya ulimi kupima chumvi, kisha anatema majivuni.

Dirishani kuna jicho.

"Anatema! Chakula cha mwanangu anakitema!"

Mwenye jicho ni Martha Mughwai wa Sepuka. Mwanawe, Alute, alipasuliwa juzi kwa utumbo uliojisokota. Kipande kikakatwa, ncha zikashonwa. Daktari ameagiza uji mwepesi, vijiko vichache mara kwa mara: utumbo huo ukiachwa mtupu hudhoofika, ukijazwa ugali hufumuka.

Martha ana ugali kapuni, chini ya kanga.

Kuluthumu, mjane wa miaka arobaini, amewapikia wagonjwa wa namna hii tangu mwaka wa Uhuru. Anaingia wodini na bakuli, anamwamkia Martha, aliyemzidi umri, kando ya kitanda cha Alute.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Onja."

"Nimefunga, mama. Mpishi aliyefunga huonja kwa ulimi tu, hamezi."

"Kwetu pombe haimfikii mgeni kabla aliyeipika hajaimeza. Asiyemeza anajua alichotia."

Nesi Rahabu anajitolea kunywa yeye.

"Wewe ndiye uliyepika?" Martha anamkata. "Ninyi wasomi mlisema tuhamie kijiji cha ujamaa, tukahama. Mkasema mtoto apasuliwe, akapasuliwa. Leo mnataka ashibe maji!"

Alute, midomo imemkauka tangu jana, ananong'ona: "Mama, njaa."

Mkono wa mama unaingia kapuni.

Kuluthumu anauona mkono, anauona na ugali. Anajimiminia uji kikombeni, anasema Bismillahi, anakunywa. Anameza. Kisha anaachama kinywa kama mtoto anayekaguliwa.

Martha anachungulia. Anangoja. Hatimaye anampokonya bakuli na kumlisha mwanawe kwa mkono wake, kijiko baada ya kijiko, macho hayabanduki kwa mpishi.

Jikoni, Kombo mpasua kuni, naye amefunga, anasimamisha shoka.

"Midomo inang'aa, Bi Kuluthumu. Magharibi imewahi leo?"

"Yangu na Mungu, Kombo."

"Na Idi ikifika, utakuja kula pilau na sisi?"

Kuluthumu anachochea moto. Martha naye ameingia jikoni; sufuria ya pili anaisimamia mwenyewe. Unga kautia yeye, mwiko kaushika yeye.

"Sasa nachungwa pande mbili," Kuluthumu anasema, akicheka kidogo. "Huyu ataka nimeze, yule ataka nisimeze."

Tumaini lake ni Alute arudi Sepuka akila ugali kwa meno yake mwenyewe. Kisha anawaambia kwamba baada ya Idi atafunga siku moja kulipa hii aliyoivunja.

Martha anageuka, mwiko mkononi.

"Siku hiyo nitashinda hapa hapa jikoni, nione kama kweli humezi."

"Karibu, mama. Uje na kigoda chako."

"Nitakuja nacho. Chako sikikalii."