Daktari wa Metro

Juzi kwenye metro ya Dubai ya kwenda Rashidiya, dada mmoja Mtanzania mwenye sare ya hoteli, aliyekaa kando yangu, alipokea simu akiwa ameweka spika. Mpigaji, Mkenya kwa lafudhi, alikuwa anauza nyumba za kifahari.

“Namtafuta daktari, mwenye hii namba.”

“Kaka, kila siku nakwambia. Daktari alishahama Dubai. Namba hii nimepewa mimi niliposajili laini. Nifute.”

“Siwezi, madam. Aliyekubali kupigiwa ni yeye. Lazima akatae mwenyewe.”

Dada akanikagua juu mpaka chini, akaridhika na tai yangu, akanisogezea simu kidevuni. Nikakohoa kidaktari.

“Daktari hapa. Sitaki nyumba. Futa namba hii, khalas, yaishe.”

Waganda wawili wenye sare za ulinzi wakaziba midomo wasicheke.

“Nimefuta, daktari. Sasa nipe namba yako mpya.”

Nikamsomea namba iliyokuwa kwenye kioo cha simu, ileile aliyokuwa akipigia, yaani ya ofisi yao. Akairudia taratibu, akashukuru. Dada alicheka mpaka akapitiliza kituo.

Ninyi wauzaji wa simuni, ushauri huu ni wa bure: ruhusa hutolewa na mtu, namba haina ruhusa. Hakikisheni kwanza kama mwenye namba bado ni yuleyule, na mkiambiwa si yeye, futeni papo hapo. Mkishaambiwa, “sikujua” haitawaokoa mbele ya sheria.

Yule kijana, nadhani, bado anampigia daktari. Kila akipiga, anakuta laini inatumika.